Kikombe Chako Kina Gramu Ngapi, Mdogo Wangu?

Mdogo wangu uliyeniandikia kutoka Malaba, barua yako nimeisoma mara tatu, na mara ya tatu niliisomea jikoni. Unasema una kibanda cha chai na mandazi karibu na foleni ya malori, na sasa umepata mteja anayetaka keki ya siku ya kuzaliwa ya mwanawe. Maelezo ya keki umeyapata: unga gramu 225, sukari gramu 225, majarini gramu 225, mayai manne. Nyumbani una kikombe, kijiko, sufuria na jiko la makaa. Mizani huna. Swali lako ni fupi: "Dada, gramu 225 ni vikombe vingapi?"

Vikombe vingapi vya nini? Hapo ndipo pa kuanzia. Kikombe hupima nafasi, gramu hupima uzito. Jaza kikombe kimoja pamba na kingine changarawe. Vyote vimejaa hadi mdomoni, lakini ukivinyanyua mkono utakuambia papo hapo kwamba havilingani. Unga una hewa nyingi kati ya chembe zake, sukari ina hewa kidogo, asali haina. Kila kinachoingia kwenye bakuli lako kina hesabu yake, na ukichukua hesabu ya sukari ukaipa unga, utakachokitoa jikoni ni kitu kingine kabisa.

Nayajua haya kwa sababu yamenipata. Keki yangu ya kwanza ya kuuza hapa Busia ilikuwa ya ubatizo. Maelezo yalikuwa ya Marekani, yakitaka vikombe vitatu vya unga. Nikachukua kikombe changu, nikakitumbukiza ndani ya mfuko wa unga, nikashindilia kwa kiganja ili kijae vizuri, nikahesabu vitatu. Keki ilipoiva ilikuwa imepasuka juu kama shamba la kiangazi, na kisu kilipopita ndani makombo yalimwagika mezani. Mama wa mtoto alilipa, akanyamaza, na hakurudi tena. Miaka ilipita kabla sijajua kilichotokea. Vile vikombe vitatu vya kitabu vilikuwa kama gramu 375. Vyangu, kwa ukubwa wake na kwa kule kushindilia, vilikaribia gramu 460. Niliongeza karibu robo ya unga mzima bila kujua, na keki haikuwa na maji ya kuunywesha.

Kikombe cha Wamarekani kina historia yake. Mwaka 1896, Fannie Farmer, mkuu wa shule ya mapishi mjini Boston, alichapisha kitabu cha mapishi kilichosisitiza kwamba kikombe na kijiko vipimwe kwa usawa, juu pakwanguliwe kwa kisu. Kabla ya hapo vitabu vingi vilisema "gao la hiki, kiasi cha yai cha kile". Ilikuwa hatua kubwa, na ndiyo maana hadi leo maelezo mengi yanayotufikia kwa simu yanataja vikombe. Lakini kikombe chao ni kama mililita 237, na vikombe vya kupimia vinavyouzwa kwenye maduka yetu mara nyingi ni vya 250. Kile cha enameli unachonywea chai kinaweza kuwa 300, kinaweza kuwa 400. Neno ni moja, vyombo ni vinne.

Basi jambo la kwanza, ujue kikombe chako. Huhitaji kununua chochote. Tafuta chupa ya kunyonyeshea mtoto; kama huna, jirani anayo. Ubavuni ina alama za mililita. Jaza maji, mimina kwenye kikombe chako, hesabu mpaka kikombe kijae. Ukishapata idadi, iandike chini ya kikombe kwa rangi ya kucha. Hiyo rangi haifutiki kwa sabuni.

Na maji hayo yana siri itakayokusaidia maisha yako yote ya jikoni. Mililita moja ya maji ni gramu moja. Haikutokea kwa bahati. Wafaransa walipoweka vipimo vipya mwaka 1795, gramu waliieleza kwa uzito wa maji yanayojaza kijisanduku cha sentimita moja kila upande. Kwa hiyo chupa ya maji ya nusu lita ni gramu 500 za maji, na lita ni kilo. Kwa maji tu. Mafuta ya kupikia huelea juu ya maji kwa sababu ni mepesi zaidi: lita moja ya mafuta ni kama gramu 920. Mtungi wa lita 20 uliojaa mafuta hauna kilo 20, una kama 18 na nusu kasoro. Anayekuuzia mafuta kwa kilo na anayekuuzia kwa lita hawakuuzii kitu kimoja, hata bei zikifanana.

Sasa unga. Watu wengi hudhani bila mizani hawawezi kujua uzito, kumbe uzito umeandikwa kwenye paketi waliyoishika mkononi. Paketi ya unga wa ngano imeandikwa kilo 2, yaani gramu 2,000. Ifungue, tandaza karatasi safi, hesabu inatoa vikombe vingapi. Gawanya 2,000 kwa idadi hiyo. Basi.

Mimi nilifanya hivyo kwa kikombe cha mililita 250. Kwanza niliupepeta unga, nikauteka kwa kijiko na kuudondosha kikombeni bila kugongagonga, nikasawazisha kwa mgongo wa kisu. Wahenga wa pwani waliita kipimo cha namna hii cha mfuto. Nilipata vikombe 15, ambavyo ni gramu 133 kila kimoja. Siku nyingine nikatumbukiza kikombe mfukoni moja kwa moja na kushindilia kama nilivyozoea zamani. Paketi ileile, kikombe kilekile, nikapata 13 tu: gramu 154 kila kimoja. Tofauti ya gramu 21 kwenye kila kikombe imeletwa na mkono wangu peke yake. Ukikumbuka pia kwamba unga uliosafiri sehemu ya chini ya lori kutoka Mombasa umeshindiliwa na magunia ya juu yake, utaona kwa nini nasisitiza kupepeta.

Sukari haina ubishi huo. Paketi ya kilo moja hutoa vikombe vinne na robo tatu hivi, kwa hiyo kikombe ni gramu 210. Mchele unakaribia 200. Unga wa mahindi ni kama 150, ingawa ule wa kusagiwa hapa mtaani hubadilika kulingana na ulaini wake. Mafuta 230, maziwa 258, asali hufika 355. Majarini usisumbuke kuipima kwa kikombe, inaacha mashimo ya hewa. Kopo limeandikwa gramu 500, kwa hiyo sawazisha juu na ugawe kwa kisu. Vijiko navyo: kijiko cha chai cha mfuto kina kama gramu 6 za chumvi laini, gramu 4 za beking pauda na gramu 3 za hamira kavu. Chumvi ni nzito kuliko hamira mara mbili ndani ya kijiko kilekile, na aliyewahi kukosea kati ya hizo mbili hanihitaji mimi kumweleza matokeo.

Kwa hiyo jibu lako, kama kikombe chako ni cha 250: unga gramu 225 ni kikombe kimoja na robo tatu, upunguze kidogo sana. Sukari ni kikombe kimoja na kijiko kimoja cha mezani. Majarini ni nusu ya kopo la gramu 500, utoe vijiko viwili vya mezani. Kama kikombe chako si cha 250, hizi namba zangu ziweke kando na uhesabu zako kwa paketi. Nakusihi usiruke hapo.

Lakini keki unayotaka kuipika ina njia nyingine tena, ya bibi zetu waliofanya kazi kwenye majumba ya Wazungu, na kwa hiyo hata kuhesabu hakuhitajiki. Angalia tena yale maelezo: 225, 225, 225. Kwa vipimo vya zamani hiyo ni wakia 8, nusu ya ratili. Na mayai manne yenye maganda yanakaribia uzito huohuo. Keki hii ni ya uzito sawa wa vitu vinne. Chukua henga ya nguo iliyonyooka, itundike kwenye msumari mahali pasipo upepo, na uhakikishe imelala sawa. Kila upande ning'iniza mfuko wa nailoni, mifuko miwili ya aina moja. Weka mayai manne upande mmoja. Upande wa pili mimina unga mpaka henga irudi sawa. Toa unga, tia sukari, halafu majarini. Umemaliza. Mayai yakiwa madogo, keki itakuwa ndogo, lakini itakuwa sahihi, na hilo kikombe hakiwezi kukufanyia.

Ukitaka uzito mwingine wowote, weka maji badala ya mayai. Gramu 150 za unga? Mililita 150 za maji kutoka kwenye chupa ya mtoto, ndani ya mfuko usiovuja, upande wa pili wa henga.

Nimekaa sana kwenye keki, na keki ni ya mteja mmoja. Mandazi ni ya kila siku, na huko ndiko pesa yako inakovuja. Tufanye hesabu. Unga kilo 2, sukari gramu 300, majarini gramu 100, hamira gramu 20, maji lita moja. Jumlisha: gramu 3,420 za donge. Ukikata mandazi ya gramu 50, unapata 68. Ukikata kwa macho alfajiri, usingizi bado haujakutoka, mkono ukazidisha gramu 10 tu kwa kila moja, unapata 57. Mandazi 11 yamepotea, na hakuna aliyeyaiba. Kwa shilingi 10 kila moja hiyo ni 110 kwa siku. Siku 26 za kazi ni 2,860. Kwa kibanda cha Malaba hiyo si pesa ya kuacha ipotee. Na madereva wana macho: leo andazi kubwa, kesho dogo, keshokutwa anavuka barabara kwa jirani.

Sasa tutoke jikoni twende sokoni, kwa sababu maswali mengine mliyoniletea wiki hizi yanatoka huko. Dada mmoja wa Busia ameuliza kwa nini gorogoro yake ya maharagwe haifiki kilo mbili, wakati kila mtu anajua gorogoro ni kilo mbili.

Kila mtu anajua, na ni hapo tunapokosea. Gorogoro ni mkebe wa mafuta mazito ya kupikia. Ubavuni uliandikwa kilo 2, na maandishi hayo yalisema kweli kuhusu mafuta yaliyokuwa ndani. Kwa vile mafuta ni mepesi kuliko maji, kilo 2 zake zinahitaji nafasi ya lita 2.2 hivi. Mafuta yakaisha, mkebe ukaoshwa, ukaenda sokoni kupima nafaka, na jina la kilo mbili likaenda nao. Punje za mahindi hazijazi kama mafuta, zinaachiana mapengo. Gorogoro ya mahindi ya mfuto ni kama kilo 1.65. Ikiwekwa kilele mpaka punje zinateleza pembeni, hapo ndipo inakaribia kilo 2 au kuzivuka kidogo. Maharagwe ya mfuto ni kilo 1.7 na kidogo. Unga uliotoka posho mili sasa hivi, bado una joto na hewa, ni kilo 1.3 hivi. Mkebe ni mmoja, uzito ni mwingine kila unapobadilisha kilichomo.

Ndiyo sababu kilele sokoni si zawadi. Ni sehemu ya kipimo. Muuzaji akisawazisha kwa kiganja kisha akakuambia "hiyo ni kilo mbili, mama", amekupunguzia karibu kilo moja katika kila sita unazolipia. Tena angalia kitako. Nilishauziwa kwa mkebe uliogongwa nyundo chini hadi kitako kikaingia ndani, na kwa mbele huoni kitu. Siku hizi naenda na gorogoro yangu, niliyoipima kwa maji nyumbani na kujua inachukua lita mbili na mililita mia mbili. Anayekataa mkebe wangu, simgombezi. Naenda kwa mwingine.

Hata hivyo sitaki mtu aione gorogoro kuwa ushamba. Kupima kwa ujazo ni kwetu tangu zamani. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba chenyewe ni kipimo cha ujazo, vinne vinafanya pishi. Ndugu zetu Waislamu, hapa Busia kama kwingine, kila Ramadhani inapokwisha hutoa zaka ya fitri, na kipimo chake cha asili ni ujazo pia: mafumba manne ya viganja viwili vya mtu wa kadiri. Leo masheikh huwaambia watu kwa kilo, wengi wakitaja kilo mbili na nusu za mchele na wengine wakifika tatu kwa tahadhari, kwa sababu nafaka zinatofautiana uzito ndani ya pishi moja. Watu wa dini wamekuwa wakibadilisha ujazo kuwa uzito kwa uangalifu mkubwa, wakihofia kumpunguzia maskini. Nasi tunaowapikia watoto wetu tuwe na uangalifu huohuo.

Na kuna jambo moja la kwetu ambalo nimelifikiria sana: unga wa ugali wa muhogo na wimbi. Sisi wa Busia, Wateso, Wasamia, Wakhayo na Wamarachi, huu ndio ugali wetu, na kila nyumba ina kipimo chake. Mama anamwambia binti anayeolewa, "mbili za muhogo, moja ya wimbi." Binti anafika kwake, anapeleka posho mili, ugali unatoka mweusi, mgumu, unakwaruza, na mumewe anaula kwa adabu tu. Mama alisema kweli na binti alifuata. Kasoro iko wapi?

Iko kwenye vipande vya muhogo. Muhogo uliokaushwa unapopimwa ukiwa vipande, vinakaa ovyo ndani ya mkebe, kimoja kimelala, kingine kimesimama, na mapengo kati yake unaweza kupitisha kidole. Gorogoro yangu ya vipande hivyo ilikuwa kama kilo moja tu. Wimbi ni punje ndogo zinazokaa karibu karibu, na gorogoro yake ilifika kilo 1.7. Kwa hiyo aliyepima mikebe miwili ya vipande na mmoja wa wimbi amepeleka kilo 2 za muhogo kwa kilo 1.7 za wimbi. Hiyo ni karibu nusu kwa nusu! Mama yeye alikuwa akipima muhogo uliotwangwa kwanza kwenye kinu ukawa chembe ndogo, unaojaza mkebe sawasawa, na mbili zake zilikuwa mbili kweli. Mikebe ilihesabiwa sawa nyumba zote mbili, uzito ukaenda kombo.

Dawa yake ni kupima mchanganyiko huu kwa kilo. Posho mili nyingi zina mizani mlangoni. Mwombe mwenye kinu akupimie muhogo peke yake na wimbi peke yake kabla ya kusaga, ukipenda kilo 4 kwa kilo 2, uonje ugali wake, kisha uongeze au upunguze. Ukishaupata wa kukufurahisha, andika kilo zake kwenye karatasi na uibandike ndani ya kabati. Huo ndio utakaompa binti yako.

Tukivuka mpaka, mambo yanaongezeka. Upande wa Uganda maduka mengi ya nafaka hukuuzia kwa kilo, na karanga zilizomenywa waweza kuzikuta zikipimwa kwa tumpeco, kile kikombe kikubwa cha nusu lita. Upande wetu ni gorogoro. Gunia nalo: la mahindi kwetu kwa desturi ni kilo 90, kwa wenzetu ni 100. Ukiuliza bei ya gunia Malaba, kisha ukauliza bei ya gunia Tororo, umeuliza maswali mawili tofauti.

Tuseme leo shilingi moja ya Kenya ni 28 za Uganda. Maharagwe ng'ambo ni 3,500 za Uganda kwa kilo, yaani 125 za kwetu. Soko la Busia gorogoro ni 240. Kwa haraka unagawanya kwa mbili, unapata 120, unanunua hapahapa ukijua umeokoa shilingi tano kila kilo. Lakini kama gorogoro hiyo ni ya mfuto yenye kilo 1.75, umelipa 137. Umepoteza 12 ulipodhani umeokoa 5. Kwa anayenunua kilo moja ya mboga ya jioni hayo ni madogo. Kwa mama anayelisha shule au hoteli, ni mtaji.

Tangu kituo cha pamoja cha mpakani kilipozinduliwa Busia mnamo Februari 2018, watu wetu wengi wanapita na mizigo yao midogo kwa utaratibu uliorahisishwa kwa bidhaa zilizozalishwa ndani ya Afrika Mashariki, mradi thamani haizidi dola 2,000. Nawapongeza wanaopita mlangoni badala ya njia za panya. Ila karatasi za forodha hazijui gorogoro. Ujue kilo zako kabla hujafika dirishani, usije ukakadiriwa na mwingine.

Neno moja kuhusu nafaka mbichi, kwa sababu mizani nayo inaweza kukuumiza. Mahindi yenye unyevu ni mazito. Ukinunua kilo 100 zenye unyevu wa asilimia 18, ukazianika hadi 13.5, ambacho ndicho kiwango cha juu kinachokubaliwa Kenya, utabaki na kilo 95 hivi. Kilo tano ulizolipia zilikuwa maji. Na unyevu huleta ukungu na sumu ya aflatoksini. Machi 2021 Kenya ilisimamisha mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumu hizo, malori yakakwama hapa kwetu, na siku chache baadaye yakaruhusiwa kwa masharti, cheti cha kiwango cha aflatoksini kikiwa mojawapo. Kwa hiyo ung'ate punje. Ikikatika kwa mlio, nunua. Ikibonyea chini ya jino, hata mizani ikiwa ya haki, acha.

Mtaniuliza kama inafaa kununua mizani. Inafaa. Ile ndogo ya kidijitali ya jikoni haizidi sana bei ya kuku wa kienyeji, na ina kitufe cha kurudisha sifuri: unaweka bakuli, unabonyeza, uzito wa bakuli unafutika, unatia unga. Unabonyeza tena, unatia sukari. Chombo kimoja tu cha kuosha. Ukiileta nyumbani ijaribu kwa maji ya mililita 500. Isiposoma 500 au karibu sana, irudishe dukani siku hiyohiyo. Iweke mahali palipo sawa, mbali na joto la jiko. Na ujue mipaka yake: hiyo ni ya kupikia. Ukianza kuuza unga au maharagwe kwa kilo, Sheria ya Vipimo na Mizani, Sura ya 513, inataka mizani iliyokaguliwa na kupigwa muhuri na maafisa wa serikali. Hata wewe mnunuzi una haki ya kuutafuta huo muhuri kwenye mizani ya dukani.

Lakini msingoje mizani ndipo muanze. Wewe wa Malaba, keki ni Jumamosi. Alhamisi pika moja ndogo ya majaribio ya mayai mawili, kwa henga, kwenye sufuria kubwa yenye mchanga chini na makaa machache juu ya kifuniko. Wapelekee madereva waionje na chai. Na ninyi wengine, kesho mkifungua paketi mpya ya unga, hesabuni vikombe vyake kabla ya kumwaga kwenye kopo, kisha mniandikie mmepata vingapi na kikombe ni cha mililita ngapi.